Kicheko Kilichohamishwa

Watu wa La Rochelle, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, waliposikia kwamba Annick, binti wa marehemu Alexis, anasoma vyombo vya habari katika mwaka wake wa mwisho wa shule, walidhani anajifunza kutengeneza redio, wakaanza kumletea redio. Jirani wa chumba cha nyuma alimletea hata pasi. Annick alizirudisha zote kwa adabu, akieleza kwamba somo lake halihusu nyaya, linahusu picha na maneno: nani anasema, anamwambia nani, ameacha nini nje, na kwa nini. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua pasi yake akaenda zake, na tangu siku hiyo akaamini kwamba shule za Johannesburg zinawapotezea muda watoto wa watu.

Shule yenyewe ilikuwa Doornfontein, ghorofani, katika jengo lililokuwa zamani karakana ya kushona makoti, na ukiinama chini ya madawati uliweza bado kuokota sindano. Mwalimu wa somo hilo alikuwa Mkenya, Mwalimu Lynette, aliyefanya kazi ya televisheni Nairobi kabla ya kumfuata mumewe huku kusini. Alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe. Wanafunzi wengi walichukua somo lake wakidhani watakaa kutazama sinema, na kweli walitazama sinema, ila kipande kile kile kimoja, mpaka wakichukie. Annick peke yake hakuchoka.

Siku moja mwalimu aliwaonyesha uso wa mlinzi wa shule akitazama nje dirishani. Baada ya uso ule akaweka picha ya mkate. Darasa likasema mlinzi ana njaa. Akaurudisha uso ule ule, safari hii akaufuatishia picha ya gari la wagonjwa. Msichana mmoja akasema mlinzi amefiwa.

"Alikuwa anaangalia robot, hizi taa za barabarani," Mwalimu Lynette akawaambia. "Anangoja taa iwe kijani avuke akanunue airtime. Sasa mmeelewa? Picha moja peke yake ni bubu. Ukiweka mbili jirani, zinazaa ya tatu, na hiyo ya tatu haiko kwa kamera. Iko kwa kichwa ya yule anatazama."

Annick aliyapenda maneno hayo kama mtu anavyopenda kisu kipya. Akawa kila anachokiona anakijaribia makali yake. Alikaa kwenye teksi akipanga nyuso za abiria: mama huyu baada ya kijana yule, kijana yule baada ya mvua.

Nyumbani kulikuwa na jambo kubwa kuliko shule. Baba yake alifariki katikati ya mwaka 2011, kwa homa ya mapafu iliyoanza kama mafua ya kawaida. Mwili haukurudishwa Burundi. Ulizikwa huku huku. Kule Nyanza-Lac mama mzazi wa marehemu, Bibi Marcelline, hakuona maiti wala kaburi, na asiyeona maiti huona mengine. Maneno yakaanza. Mwanamume mzima hafi kwa mafua. Mwanamke amemla mumewe. Aliyeyasema kwa sauti kuliko wote ni kaka mkubwa wa marehemu, Jean-Claude, baba mkubwa wake Annick, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo ule.

Na mikononi mwa watu hao alikuwa Bijou, mdogo wake Annick. Familia ilipotoka kambini Tanzania kuja kusini, Bijou alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na safari ilikuwa ya kuvuka mipaka kwa kujificha, kwa hiyo akaachwa kwa bibi yake, kwa muda tu. Huo muda ukafika miaka saba. Alexis alikuwa anapanga kumleta ndipo akafa. Mjane wake, Médiatrice, alipoomba mwanawe aletwe, Jean-Claude alimjibu kwenye simu kwa upole, upole ule unaotisha kuliko matusi.

"Shemeji, kwanza matanga yaanuliwe. Tukiona umemlilia ndugu yetu inavyopasa, mtoto atakuja Krismasi. Tusipoona, mtoto ni wa ukoo, atabaki na ukoo."

Ndiyo maana ikahitajika kamera. Siku hizo watu waliotawanyika walifanya hivyo wote: harusi, ubatizo, matanga, yote yalipigwa video yakatumwa nyumbani kwenye diski. Kule nyumbani wazee walikaa sebuleni wakatazama kuanzia mgeni wa kwanza kuingia mpaka kiti cha mwisho kuondolewa. Hawakutazama kama watu wanaotazama sinema. Walihudhuria. Kina mama walijibu salamu za watu wa kwenye kioo, na mzungumzaji aliyesema "tusimame tuombe" alisimamisha watu wa nchi mbili.

Baba mdogo Anatole, mdogo wa marehemu, ambaye aliuza mikanda na pochi kandokando ya barabara na aliyekuwa ndugu pekee wa ukoo ule katika mji mzima, alitaka kumwita Mkongo fulani mpiga video. Annick akasema atapiga yeye, kwa kamera ya shule. Kazi yake ya mwisho ya somo ilikuwa filamu fupi ya maisha halisi, na alikuwa bado hajapata ya kupiga. Atapata filamu yake, na ukoo utapata diski yake ndefu. Mama yake akakubali kwa kuinua mabega. Tangu afiwe, mambo mengi aliyakubali hivyo.

Matanga yalianuliwa Jumamosi moja ya Julai 2012, katika ukumbi wa parokia kule Rosettenville, baridi ikiwa imewakamata watu mpaka kwenye mifupa. Sasa hapa lazima desturi ya ukoo huo ijulikane, maana kila kitu kinaning'inia hapo. Kwao mjane hacheki mbele za watu tangu siku ya mazishi. Siku ya kuanua matanga hukaa ameinamisha uso wakati ndugu wa mume wanamsema marehemu. Wakimaliza, ndugu wa mume humpa kikombe cha pombe ya mtama. Akishakunywa, matanga yameisha, na hapo ni wajibu wa watu kumchekesha, kwa sababu asipocheka siku hiyo huzuni hurudi naye nyumbani. Kabla ya kikombe, kicheko ni tusi kwa maiti. Baada ya kikombe, kicheko ni dawa. Hakuna mtoto wa ukoo ule asiyejua hilo, na Annick alilijua vizuri.

Anatole alisimama, koti lake la kijivu limepigwa pasi mpaka linang'aa. Kikombe kilikuwa mezani mbele yake, kimejazwa pombe ya paketi, ile ya huku ambayo lazima uitikise kwanza. Akamsema kaka yake. Alisema Alexis angekupa ndizi yeye abaki na ganda. Alisema Alexis aliwahi kugombana na serikali, na majirani, na mvua, lakini hakuwahi kulala amemkasirikia mke wake. Médiatrice alikuwa ameinama, na machozi yalidondoka moja kwa moja mapajani, juu ya kitenge cheusi, bila kupitia mashavuni. Annick aliyapiga machozi hayo kwa karibu. Na yeye alikuwa analia, lakini kamera haikutikisika hata kidogo, jambo ambalo lilimfurahisha, kisha likamtia aibu kwamba limemfurahisha.

Kikombe kikatolewa. Médiatrice akanywa. Chakula kikaja, wali na maharage na dagaa, na watu wakaanza kazi ya kumchekesha. Wengi walishindwa. Ndipo Anatole, ambaye kwa kawaida utani humpita kando, akaanza kumwigiza marehemu katika wiki yake ya kwanza Johannesburg, alipokuwa anajua neno moja tu la Kizulu, "sawubona", yaani hujambo, na kwa neno hilo moja alipatana bei, aliomba radhi na aliulizia choo. Anatole akaulizia choo kwa "sawubona", magoti yamebanana. Médiatrice akacheka. Kwanza kwa kushtukizwa, mkono mdomoni. Kisha mkono ukashuka na uso wote ukafunguka. Annick hakuwa ameuona uso huo kwa mwaka mzima. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mama yake ana mwanya.

Aliupiga uso huo peke yake, ukajaza kioo. Nguo nyeusi kwao hubadilishwa jioni nyumbani, kwa hiyo kitambaa cha kichwani kilikuwa kile kile cheusi, na nyuma yake ukuta ule ule wa parokia.

Shuleni Annick alikata na kuunganisha majuma mawili, akamwonyesha mwalimu. Mwalimu Lynette alitazama mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Annick, hii ni kazi nzuri. Nimelia, nakwambia ukweli. Lakini ni msiba mwanzo mpaka mwisho, mtazamaji atakufa na yeye. Huyu mama alimpenda huyu mzee ama hakumpenda?"

"Alimpenda sana, Mwalimu."

"Basi nionyeshe. Kumwona akilia haitoshi. Kila mjane analia, hata yule hakupenda."

Annick akakaa mbele ya kompyuta akazitafuta picha zake zote, na kila alikopita uso ule wenye mwanya ulikuwa unamngoja. Akauchukua. Akauweka palipofaa kuliko pote: Anatole anasema kaka yake hakuwahi kulala amemkasirikia mke wake, kisha uso wa mke unafunguka polepole. Akarudisha nyuma, akatazama. Hapakuonekana mshono. Ungeapa kwamba mwanamke yule amesikia maneno yale na mumewe amemrudia moyoni kwa nukta chache. Mwalimu Lynette alivua miwani, akaishika mkononi. Akasema hapo ndipo filamu ilipo.

Mtu atauliza, je, hakukumbuka kikombe? Alikikumbuka. Alijiambia kwamba hii ni filamu ya shule, ya watahini ambao hawajui kikombe wala mtama. Tena hakuona kama amedanganya, kwa sababu mama yake alicheka kweli, na alimchekea Alexis kweli, Alexis na sawubona yake. Alichofanya ni kukisogeza kicheko tu. Kila mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake, na hii ngoma aliiwamba yeye.

Ile diski ndefu ya ukoo aliiahirisha. Kompyuta za shule zilikuwa chache na kila mtu alikuwa na filamu yake. Ndipo Anatole akaja na habari kwamba mama mmoja wa parokia anasafiri kwenda Bujumbura keshokutwa yake, na hatakuwapo mwingine mpaka nani ajuaye. Diski iko wapi? Iliyokuwa tayari ni ile fupi.

Annick angeweza kusema bado. Lakini mtu aliyetengeneza kitu kizuri kwa mikono yake hutafuta sababu ya kukionyesha, na sababu hazikosekani. Alisema nyumbani umeme unakatika, hawatamaliza ndefu. Alisema fupi ina yote ya maana. Na moyoni alikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu: Bijou aliachwa akiwa hajui hata kusema, haukumbuki uso wa mama yake, na Annick alitaka mara ya kwanza auone, auone unacheka. Akili nyingi huondoa maarifa. Katika mapenzi yote hayo, kikombe kilichokuwa mezani hakikumjia kichwani hata mara moja.

Médiatrice alikataa kuitazama. "Nimemzika mara moja, yatosha," akasema, akaendelea kuchambua mchicha wake wa kuuza. Anatole aliitazama kwa jirani, akajiona, akaridhika na koti lake, na zaidi ya koti hakuona kitu. Diski ikasafiri.

Simu ilikuja Jumapili moja ya Septemba, wote watatu wakiwa mezani. Anatole aliiweka simu sauti ya juu katikati ya sahani, akitabasamu, akidhani ni shukrani.

"Shemeji," sauti ya Jean-Claude ikasema. "Tumeona."

"Asante, shemeji. Mama hajambo?"

"Mama amelala. Alikaa mbele kabisa, alivaa nguo zake za kanisani. Anatole anasema ndugu yetu hakuwahi kulala amekukasirikia, na wewe unacheka. Kikombe bado kiko mezani. Tumerudia tukaangalia, kikombe kiko mezani kimejaa, na wewe unacheka mpaka meno yanaonekana."

"Shemeji, mimi sikucheka."

"Tulikuwa sebule nzima. Wote sisi ni vipofu?"

Médiatrice akamtazama Anatole, kisha akamtazama binti yake. Annick alikuwa ameelewa kabla simu haijamaliza kuelewesha. Akainama juu ya simu.

"Baba mkubwa, shikamoo. Ni mimi, Annick. Mama hakucheka wakati ule. Alicheka baadaye, wakati wa chakula, kikombe kimeshapita. Mimi ndiye niliyekitoa kicheko kule nikakiweka pale. Ni filamu ya shule. Tunafundishwa hivyo."

Kule nyuma ya simu jogoo aliwika.

"Mnafundishwa hivyo," Jean-Claude akasema taratibu, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. Akakata.

Mama yake hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alikusanya sahani, na baada ya muda akauliza, akiwa amempa mgongo, "Kuna nyingine? Ile yenyewe, yote, ilivyokuwa?"

Ilikuwapo. Hilo ndilo lililomtia Annick tumaini, na tumaini likamtesa kuliko kosa. Kanda zote alikuwa nazo. Alimweleza Mwalimu Lynette, ambaye alikaa kwenye ngazi za shule kana kwamba amesukumwa, akasema, "Woi, mtoto wangu, kwa nini hukuniambia?" kisha akampa funguo za chumba cha kompyuta kwa wikendi nzima. Annick aliziunganisha kanda zile bila kukata kitu, kuanzia watu wanaofuta viti vumbi. Kikohozi kiliachwa. Mtoto aliyepita mbele ya kamera aliachwa. Machozi, maneno ya Anatole, kikombe kinainuliwa, kikombe kinanywewa, wali, dagaa, sawubona, kicheko. Kila kitu mahali pake. Akaipeleka mwenyewe katika mtaa wa Mayfair kwa Msomali mmoja aliyekuwa na mtu wa kusafiri, akamwomba aishike kama yai.

Wakati wa kungoja, Médiatrice alinunua blanketi la mtoto, la waridi, akaliweka juu ya kabati bila kusema ni la nani.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Oktoba. Jean-Claude alimtaka Annick mwenyewe kwenye simu, na hakuwa na hasira.

"Tumeitazama yote, binti yangu. Umeitengeneza vizuri. Sasa nataka nikuulize kitu, wewe uliyesoma. Zamani sisi tulikuwa hatujui kwamba kicheko cha mtu kinahamishwa. Tulikuwa tunaona kitu, tunasema tumeona. Wewe ndiye uliyetufundisha. Sasa haya machozi umeyatoa wapi?"

"Ni ya kweli, Baba mkubwa. Nilikuwa hapo, niliyaona."

"Labda. Labda alilia siku nyingine, kwa jambo lingine. Labda alikatwa na kisu jikoni. Anayeweza kuhamisha kicheko, machozi yatamshinda?"

Anatole akampokonya simu. "Kaka, mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyempa kikombe kwa mkono wangu huu. Alilia, eish, alilia mpaka nikaogopa."

"Wewe unakula kwa shemeji yako kila Jumapili," Jean-Claude akasema. "Ungesema nini? Mtoto haji. Na kikombe hicho ulichotoa hatukitambui. Usithubutu kutoa kingine."

Anatole alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa mdogo, na mdogo kwao hana kauli mbele ya mkubwa. Alirudisha simu mezani akasema, "Mkubwa amesema." Jumapili iliyofuata hakuja kula. Iliyofuata hiyo vilevile. Walimwona kwa mbali barabarani akiwa na mikanda yake begani, akageuka kushughulika na mteja ambaye hakuwepo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Novemba. Swali la pili liliwataka waeleze, kwa mfano, jinsi watazamaji wa mahali tofauti wanavyoweza kuielewa picha moja kwa namna tofauti. Annick alilisoma, akalisoma tena, akatazama dirishani. Kule chini watu walikuwa wamesimama kwenye robot wakingoja kuvuka. Aliandika juu ya mlinzi na mkate. Aliandika juu ya tangazo la sabuni. Aliandika vizuri, kwa sababu alikuwa mwanafunzi mzuri, na mfano aliokuwa nao hakuugusa.

Krismasi ilifika, na blanketi likabaki juu ya kabati. Siku ya pili yake simu iliita kwa namba ya Nyanza-Lac. Haikuwa sauti ya mtu mzima.

"Dada Annick? Ni Bijou. Bibi ameenda kuteka maji." Mtoto alikuwa ananong'ona. "Kwa nini Mama alimcheka Baba?"

"Hakumcheka, Bijou. Nisikilize. Ni mimi ndiye—"

"Mimi niliona," Bijou akasema, bila ubishi, kama anayesema leo ni Jumatano. Halafu akaongeza: "Ana mwanya kama wangu."

Annick alimpungia mama yake mkono, njoo, njoo upesi, na Médiatrice akaja mbio na mikono yenye unga, lakini simu ilipofika sikioni mwake ilikuwa imeshakatika. Walipiga, ikaita bila kupokelewa. Walipopiga tena ilikuwa imezimwa.

"Amesema nini?" Médiatrice akauliza.

"Amekusalimia."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema mna mwanya wote wawili."

Médiatrice alisimama hapo na unga wake, akipitisha ulimi taratibu kwenye meno yake ya mbele. Annick aliingia bafu la wapangaji akafungulia bomba, akalia humo mpaka watu wakagonga.

Matokeo yalitoka Januari. Mwalimu Lynette alipiga simu asubuhi, furaha imemtangulia. Annick alikuwa amepita masomo yote, na katika vyombo vya habari alikuwa na alama za juu kuliko wote shuleni. Watahini walikuwa wameisifu filamu kwa maneno yao wenyewe, hasa ule uso wa mjane, walisema ni nadra kuona mapenzi yakionyeshwa kwa picha moja. Mwalimu alisoma maneno hayo kwenye simu mpaka mwisho, kisha akakumbuka. "Pole, Annick," akasema. "Nilitaka tu ujue kwamba unaweza."

Mama yake alikuwa anafunga mafungu ya mchicha. "Wamesema nini?"

"Wameisifu filamu, Mama."

"Niwekee."

Annick alidhani hakusikia vizuri. Médiatrice alikuwa ameshafuta mikono, amekaa kitandani, anaitazama televisheni iliyozimwa. Annick akaweka diski.

Aliitazama bila kujitikisa. Alimtazama shemeji yake na koti lake la kijivu. Alijitazama mwenyewe akidondosha machozi, na uso wake haukubadilika, kama anayemtazama mwanamke wa mbali. Kisha Anatole akasema yale maneno, na uso ukafunguka.

"Rudisha," akasema.

Annick akarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu akasema, kwa sauti ndogo, "Kumbe nilicheka."

"Mama, hukucheka hapo. Ulicheka baadaye. Baba mdogo alikuwa anamwigiza Baba na sawubona yake, unakumbuka? Ulikuwa umeshakunywa."

"Sawubona naikumbuka." Alikuwa bado anatazama kioo. "Lakini na hapa naona nimecheka. Labda nilicheka mara mbili. Mtu mwenye majonzi mengi hajui uso wake unafanya nini."

"Mama, naapa kwa Mungu. Ni mimi niliyeuweka pale."

"Nimesikia, mwanangu. Unaniambia kila siku, nami nakubali. Ila nikitazama naona nimecheka. Maskini Alexis."

Annick alipiga magoti mbele yake akamshika mikono, akaanza tena toka mwanzo, kamera ilikuwa wapi, sahani zilikuwa wapi, nani alikaa upande gani, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe jinsi maelezo yake yalivyo mepesi kando ya uso ule. Mama yake alimwacha amalize. Kisha akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda furushi la nguo alizozivua jioni ile ya Julai, akakikung'uta kile kitenge cheusi na kukipitisha kiunoni. Kitambaa akakifunga kichwani bila kutafuta kioo.

"Unafanya nini, Mama?"

"Naanza upya."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ndugu zake wanipe kikombe."

Katika mji mzima ndugu wa Alexis aliyeweza kumpa kikombe alikuwa mmoja, naye alikuwa amekatazwa. Mama na binti walilijua hilo. Médiatrice alibeba beseni lake la mchicha akaenda kuuza, na huko barabarani majirani walimpa pole upya, wakidhani amefiwa na mwingine.

Akawa sasa kila anapozungumza na mteja anaweka mkono mdomoni, wasije wakasema. Hata nyumbani, wakiwa wawili, aliuweka. Annick akitaka kuuona mwanya wa mama yake, ilimbidi angoje atoke, aiweke ile diski.